Mshiko wa Vidole Vitatu

Barua ya polisi Chumbageni niliisoma mara tatu
kabla sijaigusa bunduki.
Komeo lake limebaki kituoni, kabatini.
Nililoletewa ni chuma kisicho na neno
na kitako cha mti kilichopasuka shingoni.

Nimepiga randa vitanda, nimechonga miguu ya meza,
na magongo mawili ya shemeji aliyeanguka mnazi.
Bunduki, hii ya kwanza.

Mwenyewe, Bwana Semboja, analinda mkonge Ngomeni.
Aliulaza mkono wa kulia juu ya meza yangu
kama mtu anayetua mzigo:
vidole vitatu.
"Viwili vilikwenda na korona," akasema,
"mwaka ule singa zilipokuwa na bei."
Hakuongeza. Nami sikuchimba.

Kitako cha zamani kilidai kiganja kizima.
Yeye alitaka mshiko kama wa bastola,
unaoshuka chini, mnene,
wenye bonde pale vidole vilipokosekana
ili mkono usiulizwe tena.
Nikampa donge la udongo, akalikamata,
akaliachia. Nikalianika darini,
mbali na kuku.

Mti niliuchagua mninga,
kipande kilichosalia kwenye kitanda cha Mwantumu
wa Barabara ya Kumi na Nne,
ambaye harusi ilivunjika na kitanda kimeshalipiwa.
Nikachonga. Nikatoboa. Nikapitisha bolti,
nikakaza, nikajisifu.
Nikautikisa:

tk.

Sauti ndogo, jino la mtoto linalotaka kung'oka.
Nikaongeza washa. Nikakaza.
tk.
Nikakaza kwa hasira, spana ikaniachia alama kiganjani,
na mti ukalia, ukafunguka ufa
mwembamba kama unywele.
Kipande kile kilipika maharage.

Usiku nililala na kero hiyo.
Alfajiri nikalikuta jembe la mama limeegemea ukuta,
miaka kumi na moja, halina bolti hata moja.
Mpini umenenepa ndani ya jicho la chuma,
na kila pigo la ardhi huzidi kuukaza.
Nikasimama pale na mswaki mdomoni.

Kumbe bolti habebi.
Kazi yake kuita tu: sogea, sogea karibu.
Anayebeba teke ni mti na chuma,
uso kwa uso, pasipo upenyo wa hewa.

Nikawasha kibatari, nikakipaka chuma masizi,
nikaubana mti mpya, nikauondoa.
Palipogusana pakawa peusi.
Palipoelea, wekundu wa mninga ulinicheka.
Patasi, punje moja ya vumbi.
Paka. Bana. Kwangua.
Mashine ya kusaga ya Kibwana ikafungwa,
mama akaita chakula, akaacha kuita.
Watu husimulia mshika mpini na mshika makali;
aliyeuchonga mpini hatajwi,
naye vidole vyote vina masizi.

Mara ya ishirini na kitu, sikuhesabu vizuri,
mti ukatoka mweusi kote
kama sufuria ya msibani.
Nikatia bolti. Zamu mbili na nusu, basi.
Nikatikisa.
Nikatikisa karibu na sikio.
Kimya.

Bwana Semboja alikuja Jumanne na askari wa kumsindikiza.
Akaushika. Vidole vitatu vikaketi,
na bonde likabeba vile visivyokuwepo.
Akauvuta, akausukuma, akaukunja uso.
Nikangoja aseme lolote.

"Mti umebaki?" akauliza.
"Kidogo."
"Nichongee mpini wa panga, hivi hivi.
Hii naibeba usiku, na Mungu akipenda siitumii.
Panga nalishika kila siku."

Akalipa nusu. Nyingine, akasema, mwisho wa mwezi.
Askari akaikunja ile barua yake mara nne.
Donge la udongo bado liko darini;
nililishusha, nikapuliza vumbi,
nikatia vidole vyangu kwenye alama zake.
Viwili vyangu havikupata pa kukaa.